Fundi Aliyepima Bastola Bila Kusikiliza Hadithi

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa barazani nachambua maharagwe simu ilipolia. Namba sikuijua, na mimi namba nisiyoijua huwa siishiki, maana wengi wao wana kitu cha kuniuzia. Lakini hii ililia mara tatu, nikaona huyu ama ana shida ama hana adabu, nikashika nijue ni lipi. Alikuwa mwanamke, sauti ya mtu mzima. Akanisalimu kwa Kikisii safi, kisha akaniambia baba yake amefariki huko Kisumu, kitandani mwake, asubuhi, baada ya kumaliza chai yake yote. Nikamuuliza baba yake ni nani. Aliponitajia kazi yake, niliweka ungo chini. Alikuwa yule fundi wa bastola, Mhindi wa mjini Kisii ambaye, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, ukiwa na bastola kuukuu na ukitaka kujua bei yake ya haki, ndiye uliyempelekea. "Baba alikuwa akikutaja, Mama," binti akaniambia. "Alisema kuna mwanamke wa Ikonge aliyemletea bastola inayong'aa kama kijiko." Nikacheka. Nimepewa habari ya msiba nami nacheka kwenye simu, na yule mfiwa naye akacheka. Ndipo akaniomba niandike maneno machache ya kusomwa na jamaa zao. "Andika chochote kizuri, Mama." Nikamwambia nitaandika kilichokuwa, na kizuri watakiokota wenyewe humo ndani.

Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua shule niliishia darasa la nne, na mnajua sipendi kuzunguka. Leo mtanivumilia nizunguke kidogo, kwa sababu vijana hawatanielewa nisipoeleza bastola zilitoka wapi. Zilikuwa nyingi kuliko mnavyodhani. Wazungu wa mashamba ya upande wa Sotik walikuwa wakiuza ng'ombe, meza, vitanda na kuondoka, na wengi wao walikuwa na bastola kwenye droo. Machifu wa zamani walikuwa wakistaafu au wakifa, nao walikuwa nazo. Wenye maduka mjini walikuwa nazo kwa ajili ya wezi. Zote zilikuwa na leseni, na mwenye leseni akifa au akihama, polisi walisema jambo moja: irudishe kituoni au umuuzie mwingine mwenye kibali. Sasa kuuza kwa bei gani? Ng'ombe tunamjua. Unamtazama meno, unamshika kiwele, unauliza mama yake alikuwa akitoa maziwa kiasi gani. Bastola nani anaijua? Mjane angeambiwa na mnunuzi kwamba chuma hicho ni cha kupimwa kilo, akakubali. Mzungu naye angedai bei ya shamba zima kwa sababu babu yake alikuwa nayo vitani. Katikati ya hao wawili ndipo alipokaa fundi.

Duka lake mbele liliuza kufuli, tambi za taa na vipuri vya cherehani. Nyuma, ukipita pazia la gunia, kulikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani, na dirisha lililotazama upande wa jua la asubuhi. Alipima asubuhi tu. Ukifika saa nane mchana atakwambia urudi kesho, hata kama umetoka Keroka kwa miguu, na hiyo ilikuwa moja ya tabia zake zilizowaudhi watu. Kwanza alifungua bastola kuhakikisha haina kitu. Kisha akaizungusha silinda, lile gurudumu linalobeba risasi sita, akiwa ameiweka karibu na sikio kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua. Akaitikisa kidogo aone kama imelegea kama jino la mzee. Akaingiza ukucha wa kidole gumba nyuma ya mtutu ili mwanga wa dirisha uupige na kurudi ndani, halafu akachungulia kwa mbele. Mwisho akatazama skrubu, moja moja. Skrubu alizitazama kwa chuki. Zikiwa zimechubuka alijua mtu amezifungua kwa kisu cha jikoni, na alimtukana mtu huyo hata kama amekufa miaka kumi iliyopita.

Na hakutaka hadithi. Hilo ndilo jambo nililotaka mlijue kumhusu. Nilikuwepo siku moja Mzungu mmoja wa Sotik alipoweka bastola mezani na kuanza, "Hii ilikuwa ya baba yangu, wakati wa vita..." Fundi akainua kidole. "Bwana, bastola bado inasema. Ngoja imalize." Akaipima yote, akaandika bei kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara mbili, akakilaza chini ya kopo la mafuta. Kisha akavuta kiti, akamiminia mgeni chai, akasema, "Haya, sasa niambie, nina muda." Akaisikiliza hadithi yote, tope, farasi, baba aliyejeruhiwa mguu, akiuliza maswali, akisikitika panapostahili. Ilipoisha akaitoa karatasi. Mzungu akaisoma, uso ukawa mwekundu. "Na hayo yote niliyokueleza je?" Fundi akamwambia, "Hayo ni mazuri sana. Baki nayo, usiyauze."

Sasa niwaambie nilifikaje pale. Baba mkwe wangu alikuwa chifu enzi za ukoloni, akastaafu, akafariki muda si mrefu baada ya bendera kubadilishwa. Aliacha nyumba ya mabati, kiti kimoja chenye mikono, bastola moja, na mjane ambaye ni mama mkwe wangu, mwanamke mfupi asiyependa mzaha lakini anayecheka akianza. Polisi walichukua risasi siku ile ile ya mazishi, wakaacha barua kwamba bastola iuzwe kwa mwenye kibali kabla mwezi haujaisha. Mama mkwe alikuwa na mteremko wake mmoja uliokuwa umekaa bure. Afisa wa chai alikuwa ameshaukagua na kuukubali, mashimo yalikuwa yamechimbwa, kilichokosekana ni miche, na mvua za masika zilikuwa zinakuja. Mume wangu, mwanawe, alikuwa kibarua mashamba ya Kericho, na alichotuma kilitosha chumvi na sabuni. Basi mama mkwe akasema bastola itakuwa miche. Lakini kulikuwa na ndugu wa marehemu, baba mkwe wangu mdogo, aliyekuwa amewahi kuwa askari na aliyevaa koti la jeshi hata jua likiwaka. Huyu alitaka mambo mawili. Alitaka bastola, kwa sababu kibali alikuwa ameshakipata na kwa sababu, alivyosema, ni bastola iliyoua chui na haiwezi kutoka ukoo huu. Angemlipa shemeji yake kondoo dume. Na alitaka ule mteremko. Alishawaambia wazee kwamba kama masika yatapita bila chai kuonekana pale, yeye ataulima mahindi, maana ardhi ya mjane isiyolimwa ni malisho ya kila mtu. Wazee wakaamua bastola ipelekwe kwa fundi wa mjini, na bei atakayoitaja, ndugu aitoe au aachie mwingine.

Hapo ndipo nilipoingiza mkono wangu. Mimi nilizaliwa Tabaka. Kwetu wanaume huchimba mawe na kuyachonga, na wanawake na wasichana huyasugua. Unakaa na karai la maji, unasugua kwa msasa mkali, kisha wa katikati, kisha laini, unakausha juani, unapaka nta, mpaka jiwe linakuwa kama shavu la mtoto aliyepakwa mafuta. Jiwe lisilosuguliwa hakuna mchuuzi anayelitazama mara mbili. Sasa nikaitazama ile bastola. Ilikuwa nyeusi, nyeusi yenye buluu kwa mbali, nikadhani ni masizi na uzee. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, kitu hiki kikienda sokoni hivi kitatutia aibu. Nipe siku moja." Akanipa. Nikakaa nyuma ya ghala mchana kutwa na msasa niliokuja nao kutoka kwetu, nikasugua mtutu, nikasugua silinda, nikasugua mwili wote wa chuma mpaka ukawa mweupe. Nikakausha, nikapaka nta. Ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele.

Nilipofika kwenye mpini nikakwama. Mpini ulikuwa wa mti, na ule mti ulikuwa umelika pale kiganja cha baba mkwe kilipokuwa kikikaa, na pembeni kulikuwa na kibonde kidogo cha kidole gumba chake. Kwetu Wakisii kuna chinsoni. Ni heshima yenye haya ndani yake, na kati ya mke na baba mkwe wake ndipo ilipo kali zaidi. Hukai kwenye kiti chake, hugusi kitanda chake, humtazami usoni mkisema. Chuma ningeweza kujiambia ni chuma. Lakini pale mkono wake ulipokuwa, mkono wangu ulikataa. Nikafunga mpini wote kwa kitambaa, kuanzia juu hadi kitakoni, na sikuugusa. Mama mkwe alipoiona akaizungusha kwenye jua, akasema, "Hata mwenyewe angefufuka leo asingeijua." Nikajiona fundi.

Tulikwenda mjini juu ya lori la ndizi, barua ya polisi kifuani mwa mama mkwe na bastola chini ya kikapu. Baba mkwe mdogo alikuwa ameshatangulia, amesimama mlangoni na koti lake. Tukapita pazia. Fundi alikuwa mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na alizaliwa pale pale Kisii, kwa hiyo Kikisii chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi yetu. "Bwakire, Omong'ina," akamwamkia mama mkwe kama anavyoamkiwa mama mwenye heshima zake. Mama mkwe akaweka bastola kwenye kitambaa cha kijani, ikameremeta. Fundi akaitazama bila kuigusa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani amemchuna huyu?" akauliza.

Nikajibu nikitazama chini kwamba ni mimi, nimeisafisha.

"Umesafisha. Mokamwana, sikiliza." Mokamwana ni mke wa mtoto, na tangu siku hiyo hakuniita jina jingine. "Ule weusi haukuwa uchafu. Ni ngozi. Wanaipika kiwandani ili kutu isiingie. Umemchuna akiwa hai, halafu umempaka nta ili apendeze."

Baba mkwe mdogo akacheka mpaka koti likatikisika. "Basi bei imekufa. Kondoo wangu sasa amekuwa mkubwa mno. Mshukuru mkamwana wenu, shemeji."

Mama mkwe akanigeukia. Alinitazama tu, na mimi nikatamani sakafu ya fundi ifunguke. Mteremko wote ule, mashimo yote yale, na mimi nimeyasugua kwa msasa. Fundi akaishika bastola, akaigeuza, akasimama pale chuma cheupe kilipokutana na mpini mweusi.

"Kwa nini uliacha hapa?"

 Mbele ya baba mkwe mdogo nisingeweza kutamka sababu. Mama mkwe ndiye aliyejibu kwa ajili yangu: "Hapo ndipo mkono wa mzee ulikuwa unakaa."

 Fundi akaichukua lenzi yake, akaigeuza bastola kichwa chini, akatazama kitako cha mpini, pale chuma kinapotokeza chini ya mti. "Namba ya bastola, ile iliyo kwenye leseni, iko hapa," akasema taratibu. "Yote, haijaguswa. Ingefutika, Omong'ina, mimi nisingeruhusiwa hata kuiweka mezani. Ningeita polisi, na nyinyi wawili mngekwenda kueleza mnaficha nini. Chinsoni yenu imewarudisha nyumbani leo." Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani, akaanza kazi.

Baba mkwe mdogo naye akaanza yake. "Fundi, kabla hujapima lazima ujue hii ndiyo iliyoua chui wa..." Kidole kikainuka. "Bastola bado inasema, mzee." Tukangoja. Silinda ikazunguka karibu na sikio. Ukucha ukaingia nyuma ya mtutu. Akachungulia muda mrefu, akaenda dirishani akachungulia tena. Akatazama skrubu na kwa mara ya kwanza nikamwona akitikisa kichwa kwa furaha. Akaandika, akakunja, akaweka chini ya kopo. "Haya," akamwambia baba mkwe mdogo, "mlete chui."

Akamleta. Chui alikuwa mkubwa kama ndama, alikuwa amekula mbuzi wa kata nzima, na marehemu alimfuata peke yake mpaka mtoni, akamfyatulia risasi sita, zote sita zikaingia. Alikuwa akisimulia kwa mikono, na aliposema "sita" nilisikia sauti ya ajabu pembeni yangu. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alijaribu kujizuia kwa leso, akashindwa.

"Shemeji, una nini?" baba mkwe mdogo akauliza.

"Chui aliuawa kwa mikuki ya vijana, na wewe ulikuwepo," mama mkwe akasema. "Ndugu yako alifyatua mara moja tu. Akapiga mgomba wangu, ule wa nyuma ya jiko, ukaanguka na mkungu wake. Tangu siku hiyo hakuifyatua tena. Alikuwa akiivaa kwenye baraza tu, na nyumbani aliniambia sauti yake inamuumiza masikio."

 Fundi akaeleza, na hapo hakutabasamu hata kidogo, maana ilikuwa kazi: "Mtutu unakubaliana na Omong'ina. Ndani ni mpya. Ingekuwa imefyatuliwa kama unavyosema, mzee, ingekuwa imelika na mimi ningeandika chini zaidi. Chui wako angemlia shemeji yako pesa zake."

Kawaida yake ilikuwa kwamba kabla karatasi haijafunguliwa, kila upande utaje bei yake kwa sauti. Baba mkwe mdogo akataja kondoo dume, na baada ya kufikiri akaongeza kondoo jike. Mama mkwe akataja bei ya miche ya mteremko wote, hakupunguza hata mmoja. Karatasi ikafunguliwa. Fundi alikuwa ameandika kiasi kilichotosha miche ya theluthi mbili. Mama mkwe akaitazama ile karatasi kama mtu anayeitazama sufuria iliyopungua. Akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Mwanangu, niongeze kidogo. Mvua inakuja. Huyu atachukua kilichobaki."

Mimi nilijua ataongeza. Nilimwona amelainika. Lakini akasema, "Omong'ina, theluthi ile ililiwa na msasa, nami siwezi kuirudisha kwa kalamu. Nikikuongezea leo kwa sababu nimekuonea huruma, kesho mtu akiiona karatasi yangu atauliza, hii ni bei au ni huruma? Basi hata hii yako haitakuwa na maana." Nilimchukia. Nawaambia ukweli, nilimchukia mpaka tulipotoka mbele ya duka. Baba mkwe mdogo alisema bei ile ni ya wazimu na akaondoka na kondoo wake wawili wa maneno. Fundi akamtuma mwanawe kwa mwenye duka la nguo ng'ambo ya barabara, mtu mwenye kibali. Huyo akaja, akaisoma karatasi, hakuichungulia bastola hata mara moja, akatoa pesa zote papo hapo na wakaandikishana kwa polisi siku hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ile karatasi ilikuwa imetengenezwa kwa kitu gani. Mtu alikuwa ametoa pesa zake bila kutazama, kwa sababu fundi hakuwahi kumwongezea mjane, wala kumpunguzia tajiri.

Tulipokuwa tunaondoka fundi akaniita. Alikuwa ameichukua tena bastola kutoka kwa mwenyewe mpya, anaipitisha kwenye mwanga. "Mokamwana, umeharibu vizuri sana. Hakuna mkwaruzo unaokatiza mwingine. Nani alikufundisha?" Nikamwambia Tabaka. Akasema ana sanduku la bastola ambazo mipini yake ya mti imepasuka na kukauka, wenyewe wanataka itengenezwe, na yeye mikono yake haina subira. "Mti unasuguliwa. Chuma ukikigusa nakufukuza." Mama mkwe akajibu kabla yangu: "Atakuja." Basi kuanzia wiki ile, siku mbili kila wiki, nilikaa kwenye stuli nyuma ya pazia la gunia na mipini ya watu mapajani. Huko ndiko nilikomwona yule Mzungu wa Sotik na wengine wengi. Miche ya theluthi mbili ilishuka ardhini kabla ya masika, kuanzia juu ya mteremko, na afisa wa chai akaja akaandika kwamba shamba limepandwa. Theluthi ya chini niliipanda mimi kwa ujira wangu mvua za vuli zilipoanza. Mama mkwe aliiita mistari ya msasa mpaka alipofariki, na kila mgeni alielezwa sababu, nikiwepo.

Miaka ya sabini ilipoendelea kazi yake ilikwisha polepole. Serikali ilibana vibali, na ilifanya vizuri. Wazungu wa Sotik waliisha, machifu wa zamani waliisha, na majirani zake wengi wenye maduka walifunga wakaenda nje. Yeye alibaki na cherehani na kufuli zake. Aliwahi kuniambia kwamba hakuzipenda bastola hata siku moja, alipenda tu kwamba kuna kitu kimoja mjini watu hawawezi kukibishania akishakiandika. Nilipompelekea chai kutoka ile mistari, jani la kwanza tulilolitengeneza wenyewe nyumbani, aliionja akasema imekaushwa kupita kiasi. Ilikuwa kweli. Alimaliza kikombe, hata hivyo, akaomba kingine.

Sasa nageukia mazishi yetu ya siku hizi, na wenye masikio wasikie. Ninakwenda mengi, umri umefika. Kila nikikaa chini ya turubai nasikia mtu akisimama na karatasi, na ninayemjua kwa miaka hamsini nashindwa kumtambua. Mlevi amekuwa mpenda watu. Mchoyo amekuwa mkarimu wa siri. Mama aliyewapiga watoto wake kwa mwiko amekuwa malaika mpole, na wale watoto wamekaa mbele wanatazamana. Tunawakalia marehemu na karai la maji na msasa, mkali, wa katikati, laini, kisha nta, tukidhani tunawaongezea thamani. Ngozi inatoka. Namba inatoka. Na mtu asiye na namba si wa mtu yeyote, hata wanawe hawawezi kuja mezani kusema huyu ni wetu. Yule baba mkwe wangu aliyepiga mgomba nilianza kumpenda siku ile nyuma ya pazia, wiki chache baada ya kumzika. Aliyeua chui kwa risasi sita sikuwahi kumjua.

Kwa hiyo binti wa fundi, haya ndiyo niliyonayo. Baba yako alikuwa na hasira za karibu. Aliweka sukari kwenye chai ya wageni kwa kijiko cha dawa. Aliwarudisha watu waliotoka mbali kwa sababu jua limegeuka. Aliwatukana marehemu kwa ajili ya skrubu. Alimnyima mjane theluthi moja akimtazama machoni, na alimwambia msichana mgeni wa ndoa, mbele ya wakwe zake, kwamba ndiye aliyeila. Kisha akampa kazi. Bei aliyoiandika haikuwa na mtu ndani yake, wala tajiri, wala maskini, wala yeye mwenyewe, na kwa sababu hiyo kila mtu aliweza kuisimamia. Nimeipima hii asubuhi, kwenye mwanga, kabla hujanitumia hadithi zenu za familia. Ukizileta nitakupikia chai, ya mistari ya chini, nami nitazisikiliza zote, nina muda. Lakini karatasi yangu nimeshaikunja. Na pale mkono wake ulipokuwa unakaa, sijasugua.